Yule Fundi Ataokoka Lini?

Jumatano moja jioni, kwenye ushirika wa nyumbani huku Kaptembwo, Nakuru, niliombwa nisome sura ya mwisho ya riwaya ninayoiandika. Tulikuwa tumeshaimba, tumeshawaombea wagonjwa na watoto wa mitihani, na chai imeanza kuzungushwa. Mwenye nyumba akasema leo neno la kufunga atatupa mwalimu. Nikatoa daftari nikasoma.

Sura yenyewe ni fupi. Fundi seremala anapima nafasi ya mlango kwenye nyumba mpya ya mjane. Anapima upana mara tatu, juu, katikati na chini, kwa sababu ukuta wa mawe haunyooki kama mwenye nyumba anavyodhani, kisha anachukua kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Anaandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao: saba kwa tatu kasoro nusu inchi. Mjane amesimama nyuma yake, mkoba kwapani. Anamuuliza, "Ni pesa ngapi, fundi?"

Msomaji aliyeanza na sura ya kwanza anajua jambo ambalo wawili hawa hawajawahi kulitaja. Mwisho wa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, vijana wenye mapanga walipoingia kwenye ploti wakiuliza nyumba ya fulani ni ipi, fundi huyu alinyoosha kidole. Hakushika kiberiti, hakubeba hata kijiko cha mtu. Alinyoosha kidole, akarudi ndani, akafunga mlango wake. Mume wa mwanamke huyu hakuuona mwezi wa pili. Sasa ni 2021, mwaka Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, mjane amerudi kujenga kwenye kiwanja kilekile, na fundi anaulizwa bei.

Anafungua mdomo.

Riwaya inaishia hapo.

Nilipofunga daftari hakuna aliyesema kitu. Kisha mama mmoja, mkubwa kuliko sisi sote pale, ambaye huomba wa mwisho na kwa maneno machache, akaweka kikombe chini ya kiti chake akaniuliza, "Mwalimu, yule fundi ataokoka lini?"

"Mama, sijui," nikamjibu.

Wengine wakacheka kidogo, wakidhani ninaficha ili wanunue kitabu. Yeye hakucheka. Pasta akafunga kwa maombi, tukaagana, nikaenda nyumbani na swali lile. Wiki zimepita na bado ninalo.

## Mhariri

Mama huyo hakuwa wa kwanza. Mhariri wa shirika moja la vitabu vya Kikristo jijini Nairobi alikuwa ameshanipigia simu kuhusu jambo hilohilo. Alikuwa mpole. Alisifu lugha, akasifu sura ya kambi ya wakimbizi, akaniambia alipofika kwa yule mtoto anayelala na viatu miguuni ilibidi aache kusoma kwa muda. Halafu akasema wangependa nifikirie upya mwisho. "Wasomaji wetu, mwalimu, wanafungua kitabu wakijua kwamba mwishoni watakuta msalaba."

Sikumwona adui, na sipendi mtu amwone hivyo. Ninaijua ile meza ya vitabu nje ya kanisa baada ya ibada. Watu wakitoka wanashika kwanza vitabu vya ndoa, vya maombi ya usiku, vya kufasiri ndoto. Wakifika kwenye riwaya wanauliza, "Hii ni ya ukweli?" Ukiwaambia ni hadithi uliyoitunga, wengi wanairudisha mezani kwa adabu. Tangu sheria ya VAT ya 2013 kitabu kinatozwa kodi ya asilimia 16, na mwandishi hana pa kuificha kodi hiyo ila kwenye bei. Kwa hivyo yule anayetoa mia nne au mia tano anunue hadithi ya mtu wa kubuni ametoa pesa ya mboga ya siku kadhaa. Anadai kitu, na ana haki ya kudai.

Lakini je, anachodai ndicho hicho mhariri anachokisema kwa niaba yake?

## Mwisho uliokuja wenyewe

Niliuandika mwisho walioutaka. Nilitaka kuuona kwa macho kabla ya kuukataa au kuukubali.

Mimi huandika alfajiri, kabla watoto hawajaamka na kabla ya kengele ya shule ninakofundisha Kiswahili. Kwa kawaida alfajiri nzima hunipa ukurasa mmoja, siku nyingine nusu. Mwisho huu ulikwisha kabla chai haijapoa. Fundi anasikia vipaza sauti vya krusedi kutoka uwanjani, anaacha randa mezani, anatembea kama mtu anayevutwa, anapiga magoti mbele ya jukwaa. Machozi yanamtiririka. Mzigo mzito unamwondoka moyoni. Kesho yake anaenda kwa mjane, anakiri yote, naye mjane anamkumbatia na kumwambia alikwisha kumsamehe zamani.

Hakuna sentensi hata moja pale niliyoitafuta. Kwa ajili ya sura ya mlango nilikaa na fundi mmoja kwenye karakana yake ya kando ya barabara mpaka nikaelewa kwa nini kipimo kinachukuliwa mara tatu, kwa nini bawaba zinatangulia kitasa, na kwa nini mlango wa mbao mbichi ukifungwa msimu wa mvua utamletea fundi maneno kiangazi. Kwa ajili ya sura ya krusedi sikuhitaji kumuuliza mtu chochote, hata fundi wangu mwenyewe. Aliyepiga magoti uwanjani hakuwa yeye. Fundi niliyeishi naye daftarini ni mtu wa hesabu. Maneno yake ni machache, na kwa miaka yote hajapita mbele ya kiwanja kile. Huzunguka kwa nyuma, kupitia kwenye mtaro. Mtu kama huyo akiguswa na Mungu, sidhani ataanza kwa machozi hadharani. Nadhani ataanza kwa bei.

Na mjane je? Kwenye mwisho ule mjane alikuwepo ili apatikane wa kukumbatia. Mwanamke aliyefiwa na mume, akalala hemani kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru, akalea watoto kwa kufua nguo za watu, akapewa sentensi mbili.

Naamini watu hubadilika. Mimi mwenyewe nimeokoka. Nimemwona mlevi wa mtaa wetu akiacha pombe jioni moja na hajairudia hadi leo, na krusedi iliyomshika ilikuwa ya kelele kuliko zote nilizowahi kuhudhuria. Kwa hiyo kilichonisumbua hakikuwa kama jambo hilo linawezekana. Kilichonisumbua kilikuwa kibaya zaidi.

Je, ninamnyima mtu wokovu ili mimi nipate mwisho mzuri?

Swali hilo nililibeba hadi kwenye ibada, hadi darasani. Mwandishi anaweza kupenda kimya cha ukurasa wa mwisho kwa sababu kinampendeza yeye, huku msomaji aliyekuja na shida zake akiachwa mlangoni. Kuna kiburi kinachojifanya ukweli, nami nilikichunguza ndani yangu alfajiri nyingi nisijue kama nimekiona au nimekikosa.

## Mkeka wa Butere

Wengi wetu tunaoandika hadithi za Kikristo huku kwetu tulijifunza umbo la hadithi kwenye ushuhuda kabla ya kulijifunza darasani. Mtu anasimama. "Bwana asifiwe. Kwa majina naitwa fulani, nimeokoka, nampenda Bwana." Halafu linakuja giza, halafu siku yenyewe, halafu nuru, na kanisa linasema Amina. Riwaya nilizosoma nikiwa msichana zilijengwa juu ya mifupa hiyo. Mwisho niliouandika kabla chai haijapoa ulitoka hukohuko.

Lakini kukhu yangu, yaani nyanya yangu, huko Butere, alikuwa na ushuhuda wa aina nyingine.

Alikuwa wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, ukaingia Kenya mwaka 1937 na kuenea katika makanisa ya Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti. Ndugu, ndivyo walivyojiita, walikutana kila wiki, na kila wiki walishuhudia. Siku ya kuokoka ilitajwa, tena kwa tarehe, ila haikuwa ndiyo habari. Habari ilikuwa ya juzi.

Nilikuwa mdogo, nimekaa kwenye mkeka miguuni pake, nilipomsikia akisema mbele ya watu kwamba Jumanne alimuuzia jirani maziwa yaliyotiwa maji. Hakusema "nimeanguka dhambini." Alisema maji yalikuwa kiasi gani, akaonyesha kwa vidole viwili kwenye kikombe cha bati. Akasema asubuhi ile, kabla ya kuja, alikuwa ameshampelekea jirani chupa nyingine na kumweleza ni ya nini. Jirani mwenyewe alikuwa amekaa palepale, upande wa dirisha, anatazama chini. Wakaimba ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu kwa damu yake, kisha ndugu mwingine akasimama na la kwake.

Nimemkumbuka sana jirani yule wiki hizi. Sikuwahi kujiuliza, nikiwa mtoto, yeye alijisikiaje kukaa pale, macho ya watu yakimtafuta, akisubiriwa aimbe.

Ninachokiona sasa ni kwamba ushuhuda wa kukhu haukuwa na mwisho. Ulikuwa na wiki ijayo. Mtu aliyeokoka kabla mama yangu hajazaliwa bado alikuwa na maziwa ya kurudisha. Ushuhuda niliozoea kanisani leo hukifunga kitabu siku ya kuokoka; wao walikifungua siku hiyo. Nikimtazama fundi wangu kwa macho ya mkeka ule, swali la lini anaokoka linabaki kuwa kubwa, lakini linapata mwenzake: maziwa yenyewe yatarudi vipi?

## Kondoo wa Nathani

Nilirudi kwenye Biblia nikitafuta ruhusa, na nilipotarajia kuipata hapakunitosha. Kitabu cha Yona kinaisha kwa swali la Mungu kuhusu Ninawi, watu zaidi ya 120,000 na mifugo mingi, na hatuambiwi nabii alijibu nini. Kaka mkubwa wa mwana mpotevu tunamwacha nje ya nyumba, baba akimsihi, ngoma zikisikika ndani. Tajiri aliyemuuliza Yesu kuhusu uzima wa milele anaondoka kwa huzuni, na injili haimfuati. Nilizipanga zote kama shahidi mahakamani. Lakini Yona ni nabii wa Mungu, na kaka mkubwa hakumwua mtu. Fundi wangu ana damu.

Mwenye damu katika Biblia ni Daudi.

Ndipo nikasoma upya 2 Samweli 12. Mfalme amemchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria awekwe mahali ambapo vita ni vikali ili afe. Hakushika upanga. Aliandika barua. Nathani anatumwa kwake, na anapofika haanzi na sheria, anaanza na hadithi. Tena hadithi ya kutunga: hapakuwa na tajiri yule, hapakuwa na maskini yule, hapakuwa na kondoo. Maskini ana mwana-kondoo jike mmoja tu, anayekula tonge lake, anayekunywa kwenye kikombe chake, anayelala kifuani mwake kama binti. Mgeni anamfikia tajiri. Tajiri ana makundi, lakini anamchukua yule wa maskini, anamwandalia mgeni.

Hadithi ya Nathani inaishia hapo.

Nimeisoma tena na tena nikitafuta kitu ambacho hakimo. Tajiri hatubu. Hakuna anayemkemea. Hatuambiwi hata kama usingizi ulimchukua usiku ule. Mgeni amekula, basi.

Sasa chukulia Nathani angeongeza kipande kidogo: tajiri akachomwa moyoni, akarudisha kondoo wanne badala ya mmoja, maskini akamsamehe, wakaketi meza moja. Daudi angesema Amina. Angemshukuru nabii kwa simulizi nzuri na kumwagizia chakula. Kila kitu kingekuwa kimeshalipwa ndani ya hadithi, na hakuna deni ambalo lingemfikia yeye kwenye kiti chake. Kwa kuwa tajiri hakutubu, ile hasira ilibidi iende mahali, ikaenda kwa aliyekuwa anasikiliza. Daudi ndiye aliyetoa hukumu ya kifo. Daudi ndiye aliyesema kondoo alipwe mara nne. Toba ilikuja, lakini ilikuja nje ya hadithi.

Nilisimama kutoka mezani, nikatoka nje, nikazunguka nyumba. Nyanza na Magharibi zimejaa watu walioipokea Biblia kwa masikio kabla ya kuipokea kwa macho. Mwandishi Grace Ogot alizisikia hadithi za Agano la Kale kutoka kwa babake, aliyefundisha shule ya wasichana ya Ng'iya, na ngano kutoka kwa nyanyake. Mimi nilizisikia kwa kukhu. Na hii ya kondoo nimeisikia tangu utoto, wala sikuwahi kuona kwamba mwenye dhambi ndani yake anabaki alivyo.

Nilidhani nimemaliza.

## "Lakini Nathani alisema"

Nilimpelekea pasta jambo hili baada ya maombi ya adhuhuri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akakubali kuhusu tajiri, akakubali kuhusu kondoo wanne. Kisha akasema, "Lakini Nathani alisema, mwalimu."

"Alisema nini, pasta?"

"Wewe ndiwe mtu huyo. Hakumwacha Daudi aende nyumbani akajitafutie maana. Alimnyooshea kidole."

Hakujua amesema nini. Yeye alikuwa anazungumza tu, kwa maneno ambayo mtu yeyote angetumia. Mimi nilikuwa nimekaa miezi na kidole kingine, kile cha kwenye ploti usiku wa Januari, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna kidole kinachoweza kumwelekea mtu na kumwokoa.

Akaendelea. "Kitabu chako kitasomwa Kitale, kitasomwa Busia. Wewe haupo. Mtu aliyefanya kama fundi atakisoma, atamhukumu fundi vizuri kabisa, atakifunga, atalala. Daudi alisikia kila kitu na hakujiona. Ilibidi aambiwe. Huko Kitale, nani atasema?"

Hoja hiyo ina nguvu, na niliihisi. Nilimpa jibu nililokuwa nalo: kwamba Nathani alimwambia mtu mmoja ambaye dhambi yake aliijua. Kitabu hakijui kimeshikwa na nani. Nikiandika "wewe ndiwe mtu huyo" kwenye ukurasa wa mwisho, nitakuwa nimemwambia pia mama aliyechomewa nyumba, kwa sababu na yeye amekishika kitabu. Nitamnyooshea kidole mara ya pili.

Pasta alinyamaza kidogo, akasema ataliombea. Hakusema nimemshawishi, na sidhani nilikuwa nimemshawishi.

Nikiwa njiani nilitambua kwamba nimekwenda kwa mhariri, kwa nabii na kwa pasta, na aliyeuliza swali sijamrudia.

## Minji

Jumamosi nilimkuta kibandani kwake akiambua minji. Akanivutia stuli, akanisogezea rundo la minji, tukaambua pamoja. Huwezi kumuuliza mtu mzima jambo zito mikono yako ikiwa mitupu.

Nilijua alikuwa kambini 2008. Wengi wa rika lake kanisani kwetu walikuwa huko. Nilichokuwa sikijui alikisema bila kuinua macho: kwamba anamjua aliyeonyesha nyumba yao. "Wale vijana hawakuwa wa mtaa wetu," alisema. "Wangejuaje? Kila nyumba iliyochomwa, kuna mtu alionyesha." Shemeji yake alikufa siku hizo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, iliandika watu 1,133 waliokufa. Yeye hajui kama shemeji yuko kwenye hesabu hiyo, maana walimzika haraka na hakuna aliyekuja kuwauliza. Huyo mtu aliyeonyesha yuko. Hukutana naye kwenye steji. Humwambia, "Mama, habari ya asubuhi." Naye humjibu, "Nzuri."

Nikamuuliza kama ndiyo sababu angependa niandike kwamba fundi ameokoka.

"Sikusema hivyo," alinijibu. "Nilikuuliza lini. Mimi sitaki umwokoe, hiyo si kazi yako. Nataka kujua ni lini, nijiandae."

"Ujiandae kwa nini, mama?"

"Kwa siku atakayokuja." Aliacha kuambua. "Siku atakayookoka atataka kuja kwangu, si ndivyo mnavyofundishwa? Atakuja na pasta, labda na wazee. Ataomba msamaha mbele ya watu. Kanisa lote litakuwa linaniangalia mimi. Yeye atakuwa amemaliza. Mimi ndio nitakuwa naanza."

Sikuwa na la kusema. Nilimwona yule jirani wa kukhu upande wa dirisha, akisubiriwa aimbe.

Aliporudi kwenye minji aliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Huyo mjane wako, kwa nini alienda kwa fundi huyo? Mafundi wamejaa Nakuru."

Nikamwambia alienda kwa sababu hajui alichofanya.

Akaniangalia kwa muda.

"Anajua," alisema.

## Mjane anajua

Sijui kama nitaweza kueleza neno hilo moja limefanya nini kwenye kurasa zangu. Riwaya nzima nilikuwa nimeiweka upande wa fundi. Siri ilikuwa yake, hofu yake, wokovu wake, na hata mimi na mhariri tulipobishana tulibishana juu ya roho yake. Mjane alikuwa mtu wa kutojua. Kumbe mtu aliyelala kambini, ambaye miaka yote amekuwa na usiku mrefu wa kufikiri nani alikuwepo, nani hakutoka, nani alianza kuzunguka kwa nyuma kupitia kwenye mtaro, huyo ndiye nilimfanya asijue!

Ikiwa anajua, basi alizipita karakana nyingine akaja kwa huyu. Alimchagua. Alitaka huyu aingie kwenye kiwanja kile, asimame mahali mlango wa kwanza ulipokuwa, aweke futi yake ukutani. Kwa nini? Kumtesa? Kumpa nafasi? Kuona kama mkono utatetemeka? Au anataka tu mlango mzuri, na huyu ndiye fundi bora mtaani, na amechoka kupanga maisha yake kwa kumkwepa mtu? Sijui bado. Naona huenda yeye mwenyewe hajui, na kwamba haki yake ya kutojua nilikuwa karibu kumnyang'anya kwa kumbatio la sentensi mbili.

Sura ya mwisho haikubadilika hata herufi. "Ni pesa ngapi, fundi?" Ni maneno yaleyale niliyosoma Jumatano. Lakini anayeuliza sasa anajua anauliza nini, na fundi, akiinua macho kutoka kwenye penseli, anaona kwamba anajua.

Nilimrudia pasta na hilo. Aliuliza nani atasema kule Kitale. Nilimwambia nadhani mjane anasema, amesimama pale nyuma na mkoba kwapani, na msomaji aliyewahi kunyoosha kidole atajifunza kwamba wanaojua wanajua, na bado wanamjibu "nzuri" asubuhi. Pasta alifikiri sana. Akasema yeye bado angependa msalaba uonekane. Nikamwambia hata mimi naupenda, na ninautafuta ndani ya kimya cha mwanamke yule, ambaye ana kila sababu ya kupiga kelele na anauliza bei.

Hatujakubaliana bado. Tunaendelea kuombea.

Mhariri nilimpigia simu wiki iliyopita. Nilimweleza kwamba ukurasa wa mwisho utabaki ulivyo, lakini kitabu kinarudi nyuma, na kwamba kuna sura tatu mpya za mjane. Aliuliza kama fundi ataokoka ndani ya sura hizo. Nikasema hapana, si kabla ya kitabu kuisha. Alinyamaza, halafu akaniuliza mjane ana umri gani na anasali kanisa lipi, maswali ya mtu anayetaka kumjua mtu. Akasema nitume zikiwa tayari; watasoma, bila kuahidi.

Zitachukua muda. Shule zikifungwa nitaanza na barabara yenyewe, kutoka mahali nilipoweka kiwanja cha mjane hadi nilipoweka karakana, nitembee kwa miguu kama atakavyotembea yeye, nione ni mafundi wangapi aliowapita.